Mashine Ikikukataa, Usijilaumu

Leo nimeishika kalamu ili nieleze jambo ambalo kila mmoja wetu ameshalionja, ila wachache ndio waliolitamka. Nalo ni jinsi programu za simu na kompyuta, pamoja na tovuti, zinavyotuhangaisha. Unajaza fomu ukurasa mzima, unabonyeza kitufe, halafu unaletewa maneno mawili ya Kiingereza, mekundu kama pilipili, na yote uliyoandika yamefutika. Unataka kufunga tangazo, kumbe alama ya kulifungia ni ndogo kama punje ya mtama; kidole kikiteleza kidogo tu, umeshajikuta dukani.

Wengi wetu hapo hujisemea, "Aa, mimi na kompyuta ni kama maji na mafuta." Nami nasema la, hasha! Aghalabu kosa si la anayetumia chombo, bali ni la aliyekibuni. Haya si maneno ya kujifariji. Hebu nifuate polepole.

Tuanze na mlango. Mwaka 1988 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Don Norman, alichapisha kitabu kiitwacho The Psychology of Everyday Things, ambacho baadaye kilibadilishwa jina na kuitwa The Design of Everyday Things. Humo alieleza habari za milango inayowaaibisha watu. Mlango una mpini wa kushika, kwa hivyo mkono wako unauvuta; kumbe ulipaswa kusukumwa. Unavuta, unavuta, watu wanakucheka. Norman alisema kwamba mpini wenyewe ndio uliokuambia uvute. Mlango mzuri hauhitaji kibandiko cha "Sukuma". Umbo lake latosha kukueleza. Basi kitufe cha kwenye skrini nacho ni mlango. Kikikudanganya, usijiite mjinga.

Pengine utasema, "Huyo ni mtu asiyezoea tu." Haya, sikiliza kisa cha mabingwa. Mwezi wa Agosti 2020, benki ya Citibank kule New York ilitaka kulipa riba ya kama dola milioni 8 kwa niaba ya kampuni ya Revlon. Ili deni lenyewe lisilipwe, ilibidi visanduku vitatu vitiwe alama kwenye skrini ya programu yao. Majina ya visanduku hivyo hayakueleza jambo hilo waziwazi, na wafanyakazi wakatia alama kimoja tu. Watu watatu walihusika katika kuidhinisha malipo hayo, na hakuna aliyeng'amua. Matokeo yake, karibu dola milioni 900 ziliondoka! Baadhi ya waliozipokea walikataa kuzirudisha, na kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufani, ambayo mwezi wa Septemba 2022 iliamua kwamba benki ina haki ya kudai fedha zake. Ikiwa watu watatu ambao kazi yao ni hiyo kila siku wameshindwa na skrini, wewe ni nani hata ujilaumu?

Swali linalofuata ni hili: mbona mambo yawe hivyo? Nimechunguza nikaona asili nne.

Ya kwanza ni uvivu. Hapa sisi watu wa Kiswahili tunaguswa kabisa. Muhula uliopita mama mmoja jirani yetu aliniomba nimsaidie kujaza fomu ya basari ya mwanawe kwenye tovuti fulani. Jina la ukoo lina ritifaa, kama lile la Ng'ang'a au Nyong'o. Tukaliandika vile lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Tovuti ikakataa: ati jina lina herufi zisizokubalika! Tukiondoa ritifaa, fomu inapita, lakini jina halilingani tena na cheti, na tovuti yenyewe ilikuwa imeonya kwamba majina yasiyolingana yatakataliwa. Ukienda mbele kuna simba, ukirudi nyuma kuna chui. Mama yule aliniuliza, "Mwanangu, kwani jina letu lina ubaya gani?" Sikuwa na la kumjibu siku hiyo. Leo ninalo.

Jina halina ubaya wowote. Tovuti nyingi huhifadhi habari kwa kutumia lugha ya kompyuta iitwayo SQL. Katika lugha hiyo, maneno ya mtu hufungiwa kati ya alama mbili zinazofanana na ritifaa, kama sisi tunavyoyafunga maneno ya msemaji kwa alama za usemi. Sasa programu iliyotungwa kiholela huchanganya maneno ya mtu na amri za mashine katika sentensi moja. Ikifika kwenye Ng', mashine hudhani maneno yamekwisha, na kinachofuata hukichukua kama amri. Wezi wa mitandaoni huutumia mwanya huo kuingiza amri zao. Dawa yake inajulikana siku nyingi: amri ipelekwe kivyake na maneno ya mtu kivyake, visichanganywe. Lakini fundi mvivu huona ni rahisi zaidi kuipiga marufuku ritifaa. Kwa hivyo sauti ya king'ong'o, ambayo mwalimu wetu hutufundisha tangu kidato cha kwanza, inageuzwa kuwa hatia. Jamani!

Asili ya pili ni kanuni zinazofuatwa bila kuulizwa sababu. Mfano wake ni neno la siri. Mnazijua zile amri: weka herufi kubwa, weka tarakimu, weka alama, na baada ya miezi mitatu ubadilishe. Kanuni hizo zilienea sana kutokana na mwongozo wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Nia ilikuwa njema, lakini watu ni watu. Ukimlazimisha mtu hivyo, ataweka herufi kubwa mwanzoni, tarakimu 1 mwishoni na alama ya mshangao baada yake. Akiambiwa abadilishe, 1 inakuwa 2. Wezi wanaijua mbinu hiyo kama wanavyoyajua majina yao. Na anayeshindwa kukumbuka huliandika kwenye karatasi na kuibandika pale pale kwenye kompyuta. Mwaka 2017 Burr mwenyewe alieleza kwamba anayajutia mengi ya aliyoyaandika, na mwaka huo huo NIST ilitoa mwongozo mpya: watu wasilazimishwe kuchanganya herufi na alama, wala wasibadilishiwe neno la siri kila mara pasipo dalili kwamba limeibwa. Urefu ndio ngao. Maneno manne yasiyohusiana, mathalani sabuni, reli, twiga na kikombe yakifuatana, ni magumu kuotea lakini ni mepesi kukumbuka. (Msiyatumie hayo sasa, maana nimeshayatangaza!) Hata hivyo tovuti chungu nzima bado zinashikilia sheria hizo za zamani.

Asili ya tatu ni mbunifu kudhani kwamba dunia nzima inaishi kama yeye. Yeye yuko ofisini, intaneti yake ni ya kasi, simu yake ni mpya. Anajaza ukurasa kwa picha kubwa kubwa na video zinazojicheza zenyewe. Wanaozipima tovuti katika mradi uitwao HTTP Archive wameona kwamba ukurasa wa kawaida siku hizi unazidi megabaiti 2. Fanya hesabu: kitabu cha kurasa 300, kila ukurasa herufi 2,000, ni herufi 600,000. Ukikiweka kwenye kompyuta bila picha ni kama megabaiti 0.6. Kwa hivyo kusoma tangazo la mistari kumi kunaweza kukugharimu bando ambalo lingekuletea vitabu vitatu! Mwenye mtandao wa bure haoni hasara. Mzazi aliyenunua bando la shilingi ishirini anaiona vizuri sana.

Fauka ya hayo, kuna fomu zinazokufukuza ukikawia. Mtu anatafuta nambari ya kitambulisho, anaita mtoto alete cheti, anarudi, anakuta ametolewa nje na fomu ni tupu. Miongozo ya kimataifa ya WCAG 2.0, iliyotolewa na shirika la W3C mwezi wa Desemba 2008, inataka mtumiaji aweze kuuzima muda huo au kuuongeza, au aonywe mapema na apewe nafasi ya kuuongeza kwa tendo jepesi. Watu wasioona vizuri, wazee, na wenye mikono mizito ndio wanaoumia zaidi. Kwa hivyo dawa ipo, imeandikwa, ila wengi hawaimezi.

Asili ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni ujanja wa makusudi. Mwaka 2010 mbunifu Mwingereza Harry Brignull aliupa ujanja huu jina ambalo kwa lugha yetu ningeliita "mitego ya gizani". Kitufe cha "Nakubali" ni kikubwa na kina rangi ya kuvutia. Cha "Sitaki" kimefifia kama mwezi wa mchana. Kujiunga ni hatua moja, kujitoa ni safari. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni ya Amazon kwa madai kwamba iliwaingiza watu katika huduma yake ya Prime bila ridhaa yao ya dhati, kisha ikawafanyia ugumu wa kutoka. Kulingana na mashtaka hayo, ndani ya kampuni njia ya kujitoa ilipewa jina la Iliad, yaani ule utenzi mrefu wa Wayunani wa kale kuhusu vita vya Troy. Sisi tunaosoma tenzi tunajua urefu wake si mchezo! Mwaka 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kuimaliza kesi hiyo, bila kukiri kosa.

Je, haya yote ni madogo? Sidhani. Fomu ya basari ikimshinda mzazi, hukimbilia saiba. Kule humlipa kijana amjazie, na humpa nambari ya kitambulisho, namba ya simu na neno la siri, mbele ya foleni ya watu. Ametoa pesa, ametoa siri zake, na juu ya hayo anatoka akiamini yeye ndiye mbumbumbu. Hapo ndipo pananiuma. Huduma inapohamia mtandaoni, skrini ndiyo inayokuwa karani. Karani akiwa mkali na mwenye dharau, wanyonge huacha kwenda ofisini, na haki yao hubaki pale pale mezani.

Lakini tusilie tu. Chanda chema huvikwa pete. M-Pesa, iliyozinduliwa hapa kwetu mwezi wa Machi 2007, ilitungwa ili ifanye kazi hata kwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti. Unachagua kutuma pesa, unaweka namba, kiasi na namba ya siri, basi. Watu walipokuwa wakituma pesa kwa namba isiyo yao, mtu angeweza kusema, "Shauri yao, wawe makini." Badala yake iliongezwa huduma ya Hakikisha: unaonyeshwa jina la unayempelekea, na una nafasi ya kusimamisha ukiona silo. Hiyo ndiyo adabu ya ubuni. Mbunifu mwema anajua kwamba binadamu ataponyokwa na kidole, naye anamwekea mkeka wa kuangukia. Na jina lenyewe ni la Kiswahili, likaeleweka na wote.

Basi tufanyeje? Kwanza, mashine ikikukataa, usiseme "sijui kompyuta". Jiulize: imenieleza kosa liko wapi? Imenieleza kwa lugha ninayoielewa? Imehifadhi niliyokwisha kuyaandika? Imeniachia njia ya kurudi? Ukipata "la" hata mara moja, kasoro si yako. Pili, lalamika. Piga picha ya skrini, andika tarehe, upelekee wenye tovuti. Sisi tulimwandikia barua mama yule na kuipeleka kwa mkono, tukieleza kwa nini jina la mtoto halikuwa na ritifaa. Mpaka ninapoandika haya hatujajibiwa, lakini nakala ya barua tunayo. Tatu, wale wenzangu mnaotaka kusomea kompyuta, jaribuni kazi yenu kwa nyanya kijijini kabla ya kuisifu. Akikwama, msimfundishe yeye, irekebisheni programu.

Nasi wanachama tuna deni letu. "Invalid input" si ujumbe kwa mtu aliyesoma mpaka darasa la nne. "Namba ya simu imepungua tarakimu moja" ni ujumbe. Lugha yetu inayaweza hayo, tena kwa urahisi. Anayesubiri kutafsiriwa makosa ya mashine ni mzazi wangu na wako.

Wakatabahu.