Barabara Moja ya Kibumba

Kabichi, karoti na viazi vya Kibumba, kaskazini, hushukia mji wa Goma kwa barabara moja tu, ile ya Rutshuru, RN2, juu ya malori na chukudu, yale magari ya mbao ya kusukumwa. Mei 22, 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava iliikata barabara hiyo kati ya Kibati na Buhene, na magari yakakosa pa kuzungukia. Udhaifu wa namna hii unapimika, na unaanza kujengeka miaka mingi kabla ya mlima kutema moto.

Simama penye makutano uhesabu njia zinazotoka hapo. Njia panda kamili ina nne, penye mchepuko mmoja zipo tatu, na uchochoro unaoishia ukutani una moja. Tafuta wastani wa mtaa mzima: ukiwa mdogo, njia hazishikani. Kipimo cha pili ni mzunguko. Chukua nyumba mbili zilizopeana migongo, katikati ukuta wa mawe ya lava. Mtoto akitumwa chumvi kwa jirani, inabidi atoke hadi barabara kuu, aifuate, kisha aingie uchochoro mwingine. Ukuta ni hatua moja. Safari huenda ikafika nusu kilomita. Mgonjwa anayebebwa usiku hupita huko huko.

Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walifuatilia hali hii Marekani katika utafiti wa 2015. Waliona mitaa ikizidi kutengana karne ya 20 hadi mnamo 1994, ndipo mwelekeo ukaanza kugeuka. Mwaka 2020 wakaipima dunia nzima. Kwangu fundisho kubwa ni hili: nyumba hubomolewa na viwanja hubadilisha wenyewe, lakini njia ikishachorwa hudumu vizazi.

Goma ina mitaa iliyoshikana na iliyotengana pia. Katikati ya mji, avenyu za enzi za Wabelgiji hukatana. Lava ya Januari 17, 2002 ilifunika takriban asilimia 13 ya mji, na watu wakarudi kujenga juu ya mwamba. Kusini kuna ziwa, mashariki mpaka wa Rwanda. Mji ukabaki na nafasi ya kupanuka magharibi, kuelekea Mugunga na Sake, na kaskazini, kupitia Majengo na Buhene hadi Kanyaruchinya. Huko kaskazini mwenye shamba hukata viwanja na kuacha kinjia cha wanunuzi wake tu. Vinjia hivyo hutoka RN2 kama miiba ya samaki, kila kimoja peke yake.

Vita vimeongeza uzito kwenye uti huo huo wa RN2. Mwaka 1994 Kibumba ilikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi kutoka Rwanda, iliyoshambuliwa na kuachwa tupu Oktoba 1996. Mwishoni mwa 2022, mapigano ya waasi wa M23 yalipoifikia Kibumba, wakazi wake walishuka kwa barabara ile ile hadi Kanyaruchinya, wakatandika maturubai kando yake.

Kufungua njia baadaye ni ghali mno: lava ni ngumu kuvunja, na kila mita ina mwenyewe anayedai fidia. Kibumba bado ina mashamba mapana. Machifu wa kimila na wapimaji wa kadasta waweke vigingi vya njia za kukatisha, kutoka uchochoro hadi uchochoro, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Kabla ya mauzo, njia hiyo humgharimu mwenye shamba kipande chembamba cha ardhi. Baadaye itadai nyumba za watu.