Makuhani Themanini Mbele ya Uzia

Uzia alitawazwa kuwa mfalme wa Yuda akiwa na miaka 16, akatawala miaka 52. Sehemu kubwa ya sura ya 26 ya 2 Mambo ya Nyakati inamsifu tu: alibomoa kuta za Gathi, Yabne na Ashdodi, akajenga minara Yerusalemu na jangwani, akachimba visima, akaweka wakulima na watunza mizabibu kwa kuwa alipenda kilimo. Jeshi lake la watu 307,500 lilikuwa na mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa. Zekaria, aliyemfundisha kumcha Mungu, anatajwa katika mstari wa 5, kisha hatumsikii tena. Kufikia mstari wa 16 moyo wa mfalme umejaa kiburi, naye anaingia hekaluni kufukiza uvumba.

Wahubiri wengi hukimbilia ukoma uliomtokea kwenye paji la uso. (Ukoma tunaoujua leo ni ugonjwa unaotibika kwa dawa; habari hii isitumiwe kumhukumu mgonjwa yeyote.) Mimi naona uzito uko kabla ya hapo. Kufukiza uvumba ilikuwa kazi ya wana wa Haruni, na Hesabu 16 inaeleza yaliyowapata Kora na wenzake walipoitamani. Hata hivyo Uzia hakupigwa alipovuka kizingiti. Kuhani Azaria aliingia nyuma yake pamoja na makuhani wengine 80, watu mashujaa, wakamwambia kazi hiyo si yake, atoke. Wakati huo chetezo kilikuwa mkononi na ngozi yake bado nzima. Angeweza kukiweka chini akaenda zake. Badala yake alighadhibika, na ukoma ukatokea katikati ya ghadhabu hiyo.

Kuvuka mpaka kunaweza kumpata yeyote: askofu, mwenyekiti wa kwaya, mweka hazina, baba wa familia. Ninachouliza ni kama yupo mtu mwenye ruhusa ya kumfuata ndani. Katika makanisa yetu mara nyingi mtu huyo hunyamazishwa kwa Zaburi 105:15, kwamba wapakwa mafuta wa Bwana hawaguswi. Lakini isome zaburi yote. Inawazungumzia akina Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni wa kutangatanga, na wanaokemewa humo ni wafalme. Maneno yaliyowakinga wanyonge dhidi ya wakubwa sasa yanamkinga mkubwa dhidi ya mhasibu anayeuliza risiti. Uzia angeyapenda sana.

Azaria naye ana la kutufundisha. Hakwenda peke yake. Mzee mmoja anayehoji huondolewa kwenye kamati kimya kimya, lakini themanini si rahisi kuwaondoa. Pia alimkabili mfalme uso kwa uso, palepale kosa lilipokuwa likitendeka. Umbea wa baada ya ibada haufanyi kazi hiyo, hata ukiitwa maombi.

Uzia alimalizia siku zake katika nyumba ya peke yake, ametengwa na hekalu, huku mwanawe Yothamu akiwaamua watu. Sura ya 27 inasema Yothamu alifuata mema ya baba yake, isipokuwa hakuingia hekaluni kama yeye. Alilijengea lango la juu.