Mama Mmoja, Makundi Mawili

Msomaji mpenzi, fikiri kidogo. Ni Dominika asubuhi. Kengele imelia, padre yuko tayari, waamini wanaingia kanisani. Lakini akina mama hawaingii. Wamesimama nje mlangoni, wamevaa nguo nyeupe, wanasali na kuimba huko huko. Je, utawapita bila kuuliza neno?

Hii si hadithi ya kubuni. Ilitokea Ujerumani, mwezi wa Mei 2019. Akina mama wa parokia moja ya mji wa Münster waliwaita wenzao wagome kwa juma zima: wasiingie kanisani, wala wasifanye kazi zao za kujitolea. Wito ulienea upesi kwa njia ya intaneti, na wengi wakaufuata. Wakajiita “Maria 2.0”, yaani Maria wa toleo jipya, kama vile programu za kompyuta zinavyopewa namba zikifanywa upya.

Kwa nini waligoma? Mwezi wa Septemba 2018 maaskofu wa Ujerumani walitangaza matokeo ya uchunguzi walioagiza wenyewe. Yalionyesha watoto na vijana 3,677 waliotendewa uovu na makleri 1,670, tangu mwaka 1946 hadi 2014. Mama gani asiumie? Basi wakadai wenye kutenda uovu huo wapelekwe mahakamani. Tena wakadai wanawake wapewe madaraka yote ya Kanisa, hata upadre, na useja wa lazima wa mapadre uondolewe.

Mwaka ule ule mama mwingine, wa Bavaria, aliona kwamba wale hawasemi kwa niaba yake. Akaanzisha kundi la “Maria 1.0”. Hoja yao ni kwamba Mama wa Mungu hana haja ya kufanywa upya, na kwamba mwanamke Mkatoliki anaweza kushika mafundisho ya Kanisa kwa furaha bila kujiona mtumwa. Mabishano yakawaka katika intaneti. Upande mmoja ulionyesha picha ya mwanamke aliyebandikwa plasta mdomoni. Upande wa pili haukukubali.

Je, Kanisa limesema nini? Katika waraka wa tarehe 22 Mei 1994 Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Lakini usidhani kwamba kila mlango umefungwa. Januari 2021 Papa Fransisko alibadili sheria ili wanawake nao wawekwe rasmi kuwa wasomaji na waakoliti. Oktoba 2023, katika Sinodi ya Roma, wanawake 54 walipiga kura pamoja na maaskofu, jambo lisilopata kutokea. Na Januari 2025 alimweka Sista Simona Brambilla, wa Masista wa Konsolata tunaowajua huku Afrika ya Mashariki, kuwa mkuu wa idara ya Vatikano inayoshughulikia watawa. Sista huyu aliwahi kuwa mmisionari Msumbiji.

Utasema: “Hayo ni ya Ulaya, yatuhusu nini sisi wakulima?” Ndugu yangu, simu imekwisha kufika kijijini. Binti yako akirudi likizo huenda amekwisha kuyasoma, naye atakuuliza. Ukimjibu, “Nyamaza,” atanyamaza kweli. Kisha ataiuliza simu. Na simu haimjui wala haimpendi.

Basi tumjibuje? Kwanza, tujifunze wenyewe Kanisa linafundisha nini. Asiyejua hujibu kwa hasira. Pili, tutenge mafundisho ya Kanisa na desturi zetu. Mimi ni karani wa parokia. Katika madaftari yangu majina ya akina mama yanajaa kurasa za wanaofagia, wanaopamba altare, wanaochanga na wanaofundisha watoto. Lakini katika kumbukumbu za vikao, wanaosema ni wanaume karibu tupu. Jambo hili halikuamriwa na Papa yeyote. Ni sisi tulioliweka, na ni sisi tuwezao kuliondoa, hata Dominika ijayo.

Tatu, tusitukanane. Mwaka 2021 waanzilishi wawili wa Maria 2.0 walitangaza kwamba wanatoka katika Kanisa. Kama yupo Mkatoliki aliyeshangilia habari hiyo, na aikumbuke furaha ya mchungaji: yeye hushangilia kondoo anaporudi, si anapopotea.

Makundi yale mawili yalijiita kwa jina la Mama mmoja. Watoto wa mama mmoja hugombana, hata kwa maneno makali. Lakini jioni ikifika hula chungu kimoja. Baba na mama wa nyumbani, leo jioni baada ya Rozari, zimeni simu, mwulizeni binti yenu anafikiri nini. Kisha msikilizeni mpaka amalize.