HEWA, ADUI WA GARI LENYE MBIO

Wavulana wakianza kubishana juu ya magari wakati wa mapumziko, swali huwa ni moja tu: "Injini yake ina nguvu ngapi?" Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi. Gari likishika mwendo mkali, adui wake mkubwa ni hewa.

Ati hewa? Naam. Chukua sinia ukimbie nalo uwanjani. Ukielekeza uso wake mbele, litakurudisha nyuma. Ukililaza, utapita bila taabu. Sinia ni lile lile. Kilichobadilika ni jinsi linavyoikabili hewa.

Sasa tazama hesabu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa hulizuia gari kwa kani mara nne. Na kwa kuwa gari linaipasua hewa hiyo kwa kasi mara mbili, injini hutakiwa kutoa nguvu mara nane ili kuishinda, yaani 2 × 2 × 2. Matairi nayo huzuia, lakini kizuizi chao hakipandi upesi hivyo. Basi hufika mahali nguvu zote za injini zimemalizwa. Hapo hata ukanyage mafuta mpaka mguu uguse sakafu, gari haliongezi. Huo ndio mwendo wake wa mwisho.

Mfano mzuri ni Volkswagen Golf GTI ya Ujerumani, gari dogo la mbio lenye mlango wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo. Ile ya kwanza ya mwaka 1976 ilikuwa na nguvu za farasi 110, na mwisho wake ulikuwa kilomita 182 kwa saa. Bodi yake ilikuwa na pembe kali kama kasha. Mafundi hulipima umbo kwa namba. Ikiwa ndogo, hewa hupita kwa urahisi. Namba ya Golf hiyo ilikuwa 0.42.

Mwaka 1984 ikaja GTI ya pili, pana na nzito zaidi, yenye nguvu za farasi 112. Zimeongezeka mbili tu! Lakini pembe zilikuwa zimelainishwa, namba ikashuka hadi 0.34. Mwendo ukafika kilomita 191. Kwa umbo lile la zamani, tukihesabu hewa pekee, injini ingehitaji karibu farasi 127 kufika hapo.

Hapa kwetu sheria hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa, kwa hivyo 191 si ya kujaribiwa barabarani. Hata hivyo hewa ni ile ile. Keria tupu juu ya paa hula mafuta ya mwenye gari ingawa haijabeba chochote.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mkibishana tena, ulizeni nguvu za injini, kisha mwulize na umbo la bodi.