Samatta hakuruka kituo: Kabla ya Genk kulikuwa na Lubumbashi

KAA kwenye kijiwe chochote cha soka Dar es Salaam, stori ya Mbwana Samatta kwenda Ulaya itasimuliwa kana kwamba jamaa alilala Mbagala akaamkia Ubelgiji. Watu wanaikumbuka Januari 2016, wanaikumbuka jezi namba 77 ya KRC Genk, basi. Kinachorukwa ni ile miaka zaidi ya minne iliyokaa katikati, na humo ndimo ilimo safari yenyewe.

Safari ilianza 2011, tena haikuelekea Ulaya. Simba ilipangwa na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikachapwa ugenini, ikachapwa na nyumbani. Lakini Wakongo waliondoka na jina la kinda wa miaka 18 aliyekuwa hata msimu mmoja hajamaliza Msimbazi baada ya kutoka African Lyon. Miezi michache baadaye akatua Lubumbashi.

Wakati ule wapo walioguna. Mtoto ana kipaji hivi, anapelekwa Kongo kufanya nini? Waliosema hivyo walisahau kwamba Mazembe hiyohiyo, Desemba 2010, ilikuwa imecheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Yaani Samatta hakwenda kujificha porini. Alikwenda kwenye klabu yenye fedha, yenye uwanja wake, na yenye mastaa ambao hawampishi mtu namba kwa sababu ni mgeni.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lina uzito. Lubumbashi wanaongea Kiswahili. Ni kweli kina Kifaransa ndani yake na ladha yake ya Katanga, ugali wanauita bukari, lakini kijana wa Mbagala anaweza kuagiza chakula, kutaniana na wenzake na kuelewa anasemwa nini. Kwa mchezaji anayeondoka nyumbani kwa mara ya kwanza hilo si jambo la kupuuza. Upweke umeua vipaji vingi kuliko mabeki wakorofi.

Akiwa Mazembe alijifunza kusafiri. Hakuna shule ya ugenini inayoizidi Afrika: joto, kelele, viwanja vya kila aina, na mechi ambazo ukitoka na sare unashukuru Mungu. Mwaka 2015 mtihani wa mwisho ulifika. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger, mechi ya kwanza kulekule Algiers, Mazembe ikashinda 2-1 na Samatta akafunga. Novemba 8 marudiano Lubumbashi, akafunga tena kwa penalti, mchezo ukaisha 2-0. Kombe likabaki Kongo. Desemba akawa Japan na timu yake kwenye Klabu Bingwa ya Dunia. Januari 7, 2016, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, mbele ya kipa wao Robert Kidiaba na Mualgeria Baghdad Bounedjah.

Wiki tatu baadaye akasaini Genk, mkataba wa miaka minne na nusu. Umri wake ni miaka 23.

Kwa nini Ubelgiji? England wakati ule ilikuwa na utaratibu wa kibali cha kazi uliotazama sana nafasi ya timu ya taifa kwenye viwango vya FIFA, na Taifa Stars haikuwa karibu na 50 bora. Ubelgiji hawakuulizi hilo. Wao wanaweka kiwango cha chini cha mshahara kwa mchezaji anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya, na ni mshahara wa maana. Maana yake klabu haikuchukui kwa kubahatisha. Inataka mtu aliyeiva, na Genk wanajua kuchagua: Kevin De Bruyne, Thibaut Courtois na Kalidou Koulibaly wote wamepita pale.

Sasa fikiria kutua Genk katikati ya msimu wa baridi. Dar es Salaam Januari watu wanatafuta feni, huku kunakaribia nyuzi sifuri. Lugha ni Kiholanzi. Ligi iko katikati, wenzako wameshazoeana, hakuna wa kukusubiri ujifunze. Mji wenyewe ulikua kwa makaa ya mawe, kama Lubumbashi ilivyokua kwa shaba, na migodi ilipofungwa wahamiaji waliokuja kuchimba walibaki. Utakutana na Waitaliano na Waturuki wa kizazi cha pili na cha tatu. Angalau mgeni si kioja pale.

Alianza kwa kuingia akitokea benchi. Wapo waliokwisha kuanza kupiga mahesabu ya lini atarudi, wakati mwezi wenyewe haujaisha. Februari 28 Genk ikacheza na Club Brugge, wababe wa nchi, ikashinda 3-2, na Samatta akafunga bao lake la kwanza Ulaya. Maneno yakapungua.

Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa, naye akabeba Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini humo. Septemba 2019 akafunga Salzburg kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo, ingawa siku hiyo Genk ilipigwa 6-2. Novemba akafunga kwa kichwa Anfield, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa watetezi.

Lakini Lubumbashi si dawa ya kila mtu. Thomas Ulimwengu alikuwa naye kwenye vyumba vilevile vya Mazembe, wakabeba kombe lilelile. Mwaka 2017 akaenda AFC Eskilstuna ya Sweden, majeraha yakamwandama, na baadaye akarudi Mazembe. Hakuna aliyesema Ulimwengu hajui mpira.

Ndiyo maana wale mawakala wa mitaani wanaomwahidi mtoto wa miaka 16 timu Ulaya wiki ijayo, mradi familia itoe nauli, wanatia hasira. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mzazi aulize hilo kwanza kabla hajauza kiwanja.

Januari 2020 Samatta alifungasha tena, safari hii kwenda Birmingham kuichezea Aston Villa. Februari mosi akafunga dhidi ya Bournemouth, bao la kwanza la Mtanzania Ligi Kuu England. Villa wakafungwa 2-1. Na baridi ilikuwa ileile.