Somo la Redio: Tarishi wa Kompyuta, wa Kukodi au wa Kwako?

Somo la leo ni la wafanyabiashara, lakini hata asiye na duka asiondoke, huenda kesho akaajiriwa dukani. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: TARISHI. Lisomeni pamoja. Ta-ri-shi.

Tarishi mnamjua. Ni yule mtumishi wa ofisini achukuaye karatasi meza hii na kuipeleka meza ile. Hatungi barua wala hakati shauri. Kazi yake ni kupeleka. Basi siku hizi iko programu ya kompyuta ifanyayo kazi kama hiyo, na katika somo hili tutaiita tarishi wa kompyuta.

Tuseme mama mmoja anauza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mteja wake yuko Tunduma. Anaagiza kwa simu na kulipa kwa simu. Kila fedha zinapofika, mama huandika daftarini, humpigia kijana wa stoo afunge mzigo, kisha humjulisha mteja. Mambo matatu kwa kila mauzo, na siku ya watu wengi moja husahauliwa. Mzigo haufungwi, na mteja anapiga simu kwa hasira. Tarishi wa kompyuta huyafanya yote matatu mara fedha zinapoingia. (Risiti ya kodi ni habari nyingine, msiichanganye na hii.)

Sasa swali. Tarishi huyu atakaa wapi?

Watu wa Kariakoo hawana shida kulielewa swali hili. Unaweza kupanga fremu ya mtu, ukalipa kodi, na paa likivuja ukamwita mwenye nyumba. Au unaweza kuwa na nyumba yako, hulipi kodi kwa mtu, lakini paa likivuja unapanda juu mwenyewe.

Kampuni ya Zapier, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, ni mwenye nyumba wa namna hiyo. Tarishi anakaa katika mashine zao. Ulinzi, umeme na matengenezo ni juu yao. Programu ya n8n, iliyoanzishwa Berlin na Jan Oberhauser mwaka 2019, unaweza kuipanga kwao vile vile, lakini pia unaweza kuichukua bila malipo na kuiweka katika kompyuta yako. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi za biashara yako mwenyewe. Haikuruhusu kuiuza kwa wengine kama huduma.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Mama anauza mara 40 kwa siku. Kila mauzo yana kazi 3. 40 mara 3 ni 120. Akifungua duka siku 26 kwa mwezi, ni kazi 3,120. Zapier huhesabu kila kazi aliyotenda tarishi. Kwa hiyo mama atahesabiwa 3,120, na asiyelipa hupewa 100 tu kwa mwezi. Akipanga kwa n8n, huhesabiwa safari nzima, hata iwe na kazi ngapi ndani yake: 40 mara 26, yaani safari 1,040. Mnaona? Kabla hujauliza bei, uliza wanahesabu nini.

Tena bei zenyewe ni za fedha za kigeni. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola 1 ilikuwa kama shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilipita 2,600. Bili ya dola 20 ikatoka shilingi 46,000 ikapita 52,000, na kampuni haikupandisha hata senti.

Hapo wengi watasema: basi tuweke tarishi wetu, maana ni bure. Ngojeni kidogo. Programu ni bure, lakini kompyuta si bure, umeme si bure, na fundi hali hewa. Tarishi huyu lazima awe macho usiku na mchana, na mlango wake uwe wazi kwa intaneti ili habari za malipo zimfikie. Mlango ulio wazi hujaribiwa na wezi. Programu isiyofanyiwa marekebisho kwa miezi ni kama kufuli bovu.

Kisha kuna ufunguo. n8n huhifadhi nywila zako kwa maandishi ya siri, na ufunguo mmoja ndio unaozifungua. Mashine ikiharibika nawe hukuweka nakala ya ufunguo huo mahali pengine, zile nywila hazisomeki tena. Fundi akiwa ndiye peke yake ajuaye ulipo, akaenda kutafuta kazi Dubai, mama atabaki na sanduku lililofungwa.

Wala msiweke mashine hiyo dukani. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Daftari likiwa ndani huungua pamoja na bidhaa, na kompyuta vile vile. Afadhali kukodi mashine tupu katika jengo maalumu la mitambo, ukaweka tarishi wako humo, na nakala ukaiweka pengine.

Lakini aliye mbali naye ana mashaka yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zipitazo chini ya bahari, zilikatika, na intaneti ikazorota nchini kote. Siku kama hiyo tarishi wa ng'ambo hafikiki vizuri. Aliye Dar es Salaam angeweza kuandika katika daftari lililo Dar es Salaam, ingawa ujumbe wa WhatsApp bado ungesuasua.

Kumbukeni pia kwamba tarishi amebeba majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti juu ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi.

Mimi ningemshauri mama yule apange kwanza, kwa mwezi mmoja au miwili, kwa kazi moja tu. Na kabla ya kulipa aulize kama tarishi huyo anaujua mlango wa malipo ya simu ya hapa kwetu. Tarishi asiyeweza kuingia M-Pesa ya Tanzania atamfaa nini? Kuhamia kwake mwenyewe angojee mpaka bili ipite malipo ya fundi, na awe na watu wawili, si mmoja, wanaojua ufunguo ulipo.

Sasa zungumzeni darasani. Duka lenye mauzo 15 kwa siku, kazi 4 kila mauzo, siku 26: ni kazi ngapi kwa mwezi, na ni safari ngapi? Na saa nane za usiku tarishi akisimama, nani kati yenu ataamka? Andikeni jina lake. Kipindi kijacho tutasoma bili moja, mstari kwa mstari. Kwaherini.