Siri ya Wolverine, shujaa aliyesahau alikotoka

KWA muda wa miaka 27, wasomaji wa majarida ya katuni ya Marekani waliishi na shujaa ambaye hawakujua alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, wala jina alilopewa utotoni. Hata mwenyewe hakujua.

Shujaa huyo ni Wolverine, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu, makucha matatu katika kila mkono na mwili unaojiponya hata ukipigwa risasi. Jina lake ni la mnyama wa nchi za baridi aliye wa jamii moja na nyegere wetu, na tabia zao hazipishani sana: wote wawili humkabili bila hofu mnyama aliyewazidi kimo.

Alijitokeza mwaka wa 1974 katika jarida la Hulk. Mtunzi Len Wein alikusudia makucha yale yawe sehemu ya glavu tu. Waliomfuata ndio walioamua kwamba yanachomoza kutoka mwilini. Tangu hapo, kila mtunzi akawa anaongeza fumbo lake. Mwaka wa 1991, Barry Windsor-Smith alionyesha jinsi wanasayansi walivyomteka na kuifunika mifupa yake kwa adamantiamu, chuma cha kubuni kisichovunjika. Miaka miwili baadaye chuma hicho kiling'olewa na adui yake Magneto, na wasomaji wakagundua kwamba chini yake makucha yalikuwa ya mfupa. Kumbe alizaliwa nayo! Je, mtoto mwenye makucha alilelewaje, na nani?

Kampuni ya Marvel haikuwa na haraka ya kujibu, kwani siri ile ilikuwa mtaji wake. Kilichoiharakisha ni sinema. Kampuni hiyo ilikuwa imefilisika mwaka wa 1996, na filamu ya X-Men ilipovuma mwaka wa 2000, wakuu wake Bill Jemas na Joe Quesada walihofia kwamba watengenezaji wa filamu wangemtungia Wolverine utoto wake kabla ya wenye naye. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa jarida la Origin, lililotolewa kwa matoleo sita kati ya 2001 na 2002, likiandikwa na Paul Jenkins na kuchorwa na Andy Kubert, huku Richard Isanove akilitia rangi.

Aliyetarajia mapigano tangu ukurasa wa kwanza alishangaa. Hadithi inaanzia Alberta, Kanada, katika karne ya 19, na shujaa wetu ni James Howlett, mtoto wa tajiri, mgonjwa-mgonjwa, asiyeweza kukimbia bila kutwetwa. Analetewa msichana yatima, Rose, awe mwenzake. Mtoto wa tatu ni Dog, ambaye baba yake Thomas Logan ni mtunza shamba na mlevi anayempiga mwanawe. Anayeitazama sura ya Thomas kwa makini huona wachoraji wanamnong'onezea jambo kuhusu nani hasa aliyemzaa James.

Thomas anafukuzwa kazi, anarudi usiku na bunduki, na kumuua bwana wa nyumba mbele ya James. Hapo ndipo mifupa inapopasua ngozi ya mikono ya kijana kwa mara ya kwanza. Anamuua Thomas na kumkata Dog usoni. Mama, badala ya kumkumbatia mwanawe, anamfukuza kama jini, kisha anajiua.

Rose anatoroka naye hadi kwenye machimbo ya mawe, na ili kumficha anampa jina la kwanza linalomjia: Logan. Huko mtoto dhaifu anakuwa mwanamume wa nguvu. Lakini Dog anamfuata, wanapigana, na Rose anapojitupa kati yao anauawa na makucha ya yule aliyempenda.

Ustadi wa watunzi umo katika wanalolifanya na kipawa cha kujiponya. Mwili wa James huziba kila jeraha. Basi akili nayo inaziba lake kwa kusahau. Kwa njia hiyo msomaji aliambiwa siri yote, na Wolverine akabaki hajui lolote. Wapo mashabiki waliosema fumbo lilikuwa tamu kuliko jibu, na hoja yao ina uzito, ila hakuna jibu jingine ambalo lingelilinda fumbo hilo namna hii. Mwaka wa 2005, katika hadithi ya House of M, alirudishiwa kumbukumbu zake zote.

Filamu iliyohofiwa ilikuja mwaka wa 2009. Ilianzia Kanada, mwaka wa 1845, kukiwa na mtoto mgonjwa kitandani, bunduki, na makucha ya mfupa. Rose hakuwemo.